Joto la Dodoma na ng'ombe asiyeshika mimba

Oktoba na Novemba, ng'ombe akihimilishwa, yaani akipandikizwa mbegu za dume kwa mkono, mara mbili tatu bila kushika, lawama humwangukia mhimilishaji: mbegu zake mbovu. Mara nyingi sivyo. Joto kali hudhoofisha yai na kuua kiinitete, yaani mimba changa, siku za mwanzo kabisa, hata mbegu ikiwa nzima. Dalili za kutaka dume nazo huwa fupi, nyingi usiku. Kagua banda alfajiri na saa tatu usiku. Akisimama kupandwa na wenzake jioni, ahimilishwe asubuhi inayofuata.

Tazama ubavu uhesabu pumzi: zikizidi 60 kwa dakika, ameelemewa. Anahitaji kivuli kirefu, pande wazi, na maji muda wote. Anayekamuliwa aweza kumaliza lita 100 kwa siku. Mloweshe mpaka ngozini, si manyoya tu. Hewa yetu kavu humpoza haraka.