Je, wajua kwa nini Gram Parsons alipita bendi tatu kabla ya kuimba kwa jina lake?

Miaka ya 60 kule Marekani watu wa roki walikuwa wanaona kantri ni muziki wa wazee wa shamba, na watu wa kantri nao wanaona vijana wa roki ni wahuni wa nywele ndefu. Jamaa mmoja wa Florida, Gram Parsons, kazaliwa 1946, akashikilia kwamba hivi vitu vinakaa chungu kimoja. Ila albamu ya kwanza yenye jina lake imetoka 1973! Huko kote alikuwa wapi?

Kwanza kabisa, hela. Kwa mama yake walikuwa matajiri wa machungwa, baba alijiua Gram akiwa na miaka 12, mama naye pombe ikammaliza 1965, siku ileile kijana anamaliza sekondari, akabaki na mirathi. Sasa mwanamuziki mwenye njaa anavumilia bendi hata ikimkera maana kodi ya nyumba inamsubiri, huyu hakuwa na presha hiyo, akichoka anasepa. Hata Harvard alikaa muhula mmoja tu.

Bendi ya kwanza kati ya hizo tatu, International Submarine Band, aliiacha albamu yao ikiwa haijatoka hata madukani, akaingia The Byrds mwanzoni mwa 1968, bendi ya roki, mastaa tayari, na ndani ya muda mfupi kawaburuza mpaka Nashville kurekodi kantri. Wakapewa nafasi kwenye Grand Ole Opry, jukwaa takatifu la kantri, ratiba inasema waimbe wimbo wa Merle Haggard, na mtangazaji kashautaja, Gram akashika maiki akasema hapana, naimba wimbo wangu Hickory Wind kwa ajili ya bibi yangu. Laivu redioni. Wenye jukwaa walichukia balaa.

Halafu mkataba wake wa zamani wa kurekodi ukaleta mzozo na baadhi ya nyimbo walizorekodi sauti yake ikatolewa, akaimba Roger McGuinn, kiongozi wa The Byrds, badala yake. Julai 1968 bendi ikiwa London njiani kwenda Afrika Kusini, yeye akagoma, akasema hawezi kupiga kwenye nchi ya ubaguzi. Chris Hillman, mwenzake kwenye bendi, alikuja kudai jamaa alitaka tu kubaki akipiga stori na akina Rolling Stones. Mimi naona yote mawili yanawezekana, ila wenzake walienda na ziara ikawa aibu tupu.

Cha kuchekesha, huyo Hillman ndiye akaanzisha naye Flying Burrito Brothers, wale wa suti za kumeremeta za fundi Nudie, ya Gram imedariziwa majani ya bangi na vidonge, na 1970 huyohuyo akamtimua maana alikuwa analewa na kukosa shoo.

Akajaribu kurekodi peke yake mwaka huohuo, ikaishia kabatini. Hapa ndo pa muhimu kwa maoni yangu, hela ilikuwepo, nyimbo zilikuwepo, jina lilikuwepo, kilichokosekana ni sauti ya pili. Kantri aliyoipenda yeye ni ya watu wawili wanaoimba wanatazamana. Na aliyemwonyesha ni Hillman tena, akamwambia kuna dada anaimba kwenye vilabu vya Washington, Emmylou Harris, kamsikilize. Akaenda, wakaimba, basi. Baadaye akasaini na kampuni ya rekodi ya Reprise, akawachukua wapigaji wa Elvis, James Burton kwenye gitaa na Glen D. Hardin kwenye piano, albamu yake GP ikatoka Januari 1973. Yaani hiyo "solo" yenyewe ukiisikiliza nyimbo kibao ni za wawili.

Septemba mwaka huo akafa Joshua Tree, kule jangwani California, dawa za kulevya na pombe, miaka 26 tu (mwili wake uliibwa uwanja wa ndege na rafiki zake wakaenda kuuchoma jangwani, hiyo ni stori ya siku nyingine). Albamu ya pili, Grievous Angel, ilitoka 1974 yeye hayupo. Emmylou 1975 akatoa Pieces of the Sky, na Burton na Hardin walikuwa naye.