Kulanti tupu huganda mapema kuliko iliyochanganywa na maji

Baridi ya Minnesota ikianza kuuma, madereva wenzetu huambiana: kinachoganda ni maji, basi yamwage yote kwenye rejeta ya pikapu, ujaze kulanti tupu, yaani kile kimiminika cha kupozea injini kisichotiwa maji. Ukisikia haraka unaona hesabu imekaa sawa. Haijakaa.

Ethilini glikoli, ambayo ndiyo kiini cha kulanti nyingi, ikiwa peke yake huganda kwenye nyuzijoto 13 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Ichanganye na maji nusu kwa nusu, nayo itavumilia hadi karibu 37 chini ya sifuri. Kila kimoja humzuia mwenzake asijipange kuwa barafu. Tena maji hubeba joto vizuri zaidi, kwa hiyo kulanti tupu huipoza injini vibaya hata kiangazi.

Soma galoni kabla ya kumimina, maana nyingine zinauzwa zikiwa zimeshachanganywa. Hizo ukiziongezea maji umeziharibu. Kisha, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko, vuta kidogo kwa kile kipimo cha mpira wa kufinya, usome itaganda kwenye nyuzi ngapi.

Maji matupu nayo usithubutu. Yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na bloku ya injini huweza kupasuka.