Nyumba ya magogo hushuka: ya kupanga kabla ya kukata mti

Picha za nyumba za magogo za Finland na Kanada zimewatia hamu wengi wenye kiwanja sehemu za baridi. Mufindi, Njombe na Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, panafaa kwa kazi hii. Paina iko karibu, shamba la miti la Sao Hill likiwa mojawapo ya vyanzo vikubwa, na ukuta mnene wa mti hukaa vizuri na baridi ya Juni. Shida ni kwamba mafundi wengi wamelelewa kwenye tofali. Tofali ukishalipanga linabaki palepale. Gogo huendelea kunywea miaka miwili mitatu baada ya familia kuhamia, na ukuta mzima unashuka nalo.

Mti ukikauka, urefu wake haupungui kiasi cha kuonekana. Kinachopungua ni unene. Kwa magogo yaliyojengewa yakiwa mabichi, piga hesabu ya asilimia 6: ukuta wa mita 2.7 utashuka sentimita 16 hivi. Karibu kila kasoro inayoonekana kwenye nyumba hizi, mlango unaogoma, kioo kinachopasuka, upenyo unaopitisha upepo kati ya safu, imetokana na mtu kuisahau hesabu hiyo.

Chukua nyumba ya mita 6 kwa 8. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 30 katikati, likishachongwa tumbo ili likae juu ya mwenzake, huongeza ukuta kama sentimita 27. Safu 10 zinatosha. Pembeni ncha hutokeza nusu mita kila upande, kwa hiyo unahitaji magogo 20 ya mita 7 na 20 ya mita 9, karibu meta za ujazo 23 kabla ya paa na kuta za ndani. Milango na madirisha yatakula vipande, ila usipunguze idadi; yatakuwapo yaliyopinda, na hayo ndiyo ya kukatwa vifupi. Gogo bichi la mita 8 lina uzito wa nusu tani. Panga winchi na watu, si watu peke yao.

Paina ya miaka 8 au 10 ni rahisi kupatikana, na ndiyo ya kuikwepa: mti mchanga hujipinda sana ukikauka. Tafuta wa miaka 20 au zaidi, usiopungua unene zaidi ya sentimita 1 kwa kila mita kutoka shinani kwenda juu. Kisha fuata ufa mmoja kwa kidole. Ufa ukihama zaidi ya sentimita 4 ndani ya mita moja, nyuzi za mti huo zimezunguka, na gogo litajisokota likiwa ukutani. Mlingoti ni mzuri kwa nguzo, lakini hupasuka ncha vibaya mno, usiujengee ukuta.

Kata wakati wa kipupwe, ukungu unaoozesha mti ukiwa mvivu na barabara ikiwa kavu. Menya gamba wiki hiyohiyo, la sivyo wadudu wataanza kutoboa chini yake na doa la bluu litaingia. Doa halipunguzi nguvu ya mti kwa kiasi kikubwa, lakini ni ushahidi kwamba ulikaa na maji. Paka ncha rangi nzito, yapange magogo sentimita 40 juu ya ardhi, chini ya kivuli, hewa ipite kati yake. Dawa ya boroni ipakwe mti ukiwa bado mbichi, kwa kuwa husafiri ndani kwa kufuata maji. Kwenye mti mkavu huishia juujuu. Kibali cha kuvuna, alama ya nyundo ya ofisa misitu kwenye magogo na hati ya kusafirishia mazao ya misitu viwe mkononi kabla lori halijapakia.

Kujua gogo limekauka kiasi gani, usitegemee kifaa cha pini cha kupimia unyevu, kwani husoma ngozi tu. Kata kisahani cha sentimita 2, nusu mita au zaidi kutoka nchani, ukipime kwenye mizani, kisha ukiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito ugome kushuka. Kikiwa gramu 1,300 kabla na 1,000 baada, unyevu ni asilimia 30. Mti huo hata kunywea haujaanza vizuri. Mwaka mmoja wa kivuli husaidia sana, ila kiini cha gogo nene huwa bado kibichi. Acha nafasi ya asilimia 6 hata hivyo.

Msingi wa mawe utokeze nusu mita juu ya ardhi, juu yake DPC (utando unaozuia unyevu kupanda), na juu ya DPC bati lililokunjwa kuelekea chini pande zote. Bati halimuui mchwa. Linamlazimisha ajenge kijia chake cha udongo mahali unapokiona. Ndiyo maana bustani ya maua iliyoegemezwa ukutani ni kosa: inamfichia njia.

Magogo yapishane, shina juu ya ncha, safu kwa safu, ukuta usije ukainama upande. Mkato wa pembeni uchongwe chini ya gogo la juu, mdomo ukiangalia ardhi. Ukichongwa juu ya gogo la chini unakuwa bakuli, na bakuli la mvua ya Machi halikauki.

Sasa milango. Fremu isipigiliwe msumari kwenye magogo. Chimba mfereji wima kwenye ncha za magogo zinazokabili uwazi, ingiza ubao humo, na fremu ishike ubao tu. Magogo yateleze kando yake. Juu ya fremu ya dirisha la mita 1.2 acha wazi sentimita 7, juu ya mlango wa mita 2.1 acha 13. Jaza sufi, ficha kwa ubao uliofungwa upande mmoja. Nguzo za ndani na za baraza hazipungui urefu, hivyo kila moja ikalie jeki ya skrubu. Kosa linalorudiwa sana ni bafu la tofali lililojengwa ndani hadi kugusa paa: magogo yanashuka, paa linabaki limekalia tofali, na safu za juu zinaachana. Tofali liishie sentimita 16 chini ya boriti. Mabomba ya wima nayo yapate kiungo kinachoteleza.

Paa litokeze sentimita 80 kwa uchache, maana boroni huoshwa na mvua. Nje paka mafuta ya mbao yanayopumua. Oili chafu ya gari haitibu mti, inanuka miaka na kuchafua udongo. Vanishi inayong'aa hufungia maji ndani. Ufa unaoangalia juu na kuzidi milimita 6 uzibwe.

Siku ya kuezeka, weka alama ya penseli kwenye kila nguzo na uandike kipimo. Mwaka wa kwanza pima kila mwezi, ushushe jeki zote kwa kiasi kilekile, zamu moja moja, usimalize nguzo moja kabla ya nyingine. Alama zikikaa miezi 12 bila kusogea, ndipo ufunge ubao wa kufunika jeki.