Kachumba ka mama kanaanzia kwenye chemba

"Fundi, ni kachumba tu ka mama huko nyuma. Wewe pandisha ukuta, choo tutaunganisha baadaye."

Wiki hii huyu ni wa tatu. Nimechoka kutabasamu.

Mlango nisikucheleweshe: weka wa sentimita 90, maana fremu na bawaba zikishakula chao, kiti cha magurudumu kinabakiwa na 80 na ushee. Kizingiti usiweke. Vyuma vya kushikia bafuni viamuliwe kabla ya plasta. Skrubu iliyoshika plasta tupu itang'oka pamoja na mzee.

Sasa choo. Maji taka hayapandi mlima kwa heshima ya mama yako. Bomba la inchi 4 nalilaza kwa mteremko wa sentimita 2 kila mita. Kutoka choo kipya hadi chemba ya nyumba kubwa, lile shimo lenye mfuniko mabomba ya maji taka yanapokutania, tuseme ni mita 18: tayari sentimita 36. Bomba linaingia chembani sentimita 40 tu chini ya ardhi. Ukipima usawa kwa mpira wa maji unakuta uwanja wa nyuma uko chini kwa sentimita 20. Piga hesabu mwenyewe: kule chooni tumbo la bomba, yaani upande wake wa chini, linaelea sentimita 16 juu ya ardhi! Ongeza kiwiko na zege la sakafu, sakafu inafika 45 hivi. Hizo ni ngazi tatu, kwa mtu uliyemhamisha ili asipande ngazi. Rampu ya kupanda sentimita moja kwa kila kumi na mbili itataka mita 5 na sentimita 40, na bado hujampa pa kugeuzia kiti. Uwanja umekwisha.

Ndiyo maana naanza kwa kufunua chemba, wewe ukidhani nazurura.

Aliyekwisha kujenga huniomba nipunguze mteremko. Niliwahi kukubali sentimita moja na nusu. Halijaziba, ila simu ya mteja yule ikiita moyo hunidunda. Pampu ya kusukuma maji taka nayo siipendi: umeme ukikatika, choo nacho kimekatika.

Kuna mama wa mteja mmoja alinifuata nikiwa bado na mpira mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwani kile chumba cha karibu na jikoni kina kasoro gani?"

Nikaenda kukipima. Sakafu ilikuwa sawa na ua, na choo kilikuwa hatua nne tu.