Je, wajua kwa nini karoti za siagi na sukari hung'aa?

Kwenye karamu nyingi za Nairobi, kando ya kuku na viazi, hupangwa sinia la karoti zinazong'aa mpaka mtu anasita kuzitia kijiko. Wengi hudhani mng'ao ule ni mafuta. Jaribu kumiminia karoti zilizochemshwa siagi iliyoyeyuka, uone: siagi itateleza, itatuama chini ya sahani, na karoti zitabaki zimefifia vilevile. Mng'ao wa kweli hutokana na shira nyembamba ya maji, sukari na siagi iliyoshikana na karoti, na shira hiyo hutokea katika dakika chache tu, pale maji ya sufuria yanapokaribia kwisha. Ukiyajua maji, umelijua pishi zima.

Tuanze na utamu wenyewe. Karoti mbichi ina karibu gramu 5 za sukari katika kila gramu 100, kwa hiyo nusu kilo ina zaidi ya gramu 20, sawa na vijiko vitano au sita vya chai. Sukari hiyo imefungiwa ndani ya seli. Karoti inapopata moto, kuta za seli hulegea na sukari huvuja, sehemu ikija ulimini unapotafuna, sehemu ikiingia kwenye maji ya kupikia. Moto huo huo hupunguza viambata vya harufu kali, terpeni, vinavyoipa karoti mbichi ule ukali unaokaribia uchungu. Ndiyo maana karoti iliyopikwa huonekana tamu kuliko mbichi hata kabla hujaongeza chochote.

Sasa fikiria tunachofanya majikoni mwetu mara nyingi: tunachemsha karoti kwa maji tele, kisha tunayamwaga kwenye sinki. Tumemwaga sukari, sehemu kubwa ya vitamini C, na madini kadhaa. Kupika kwa shira hakumwagi kitu. Maji yanawekwa kidogo, yanabeba utamu uliovuja, kisha yanapunguzwa hadi utamu huo urudi juu ya karoti ulikotoka. Kwa maoni yangu hiyo pekee inatosha kuifanya njia hii kuwa bora, hata kama isingeleta mng'ao wowote.

Lakini kwa nini hung'aa? Uso wa karoti iliyochemshwa una vijishimo na vinyuzi vidogo sana. Mwanga ukiupiga hutawanyika kila upande, na jicho huona rangi iliyopauka. Kitu laini kikitanda juu yake na kuziba vijishimo hivyo, mwanga hurudi kwa pamoja, na hapo jicho huona mng'ao. Hata maji matupu hufanya hivyo, kama karoti iliyotoka kuoshwa inavyoonyesha, ila maji ni mepesi, hutiririka na kukauka. Sukari ndiyo inayoyafanya yashike. Gramu 100 za maji yasiyo moto huweza kuyeyusha karibu gramu 200 za sukari, na yakichemka huyeyusha zaidi ya maradufu ya hapo. Kadiri mvuke unavyoondoka, sukari hubaki, maji yaliyosalia huwa mazito, na mwishowe hukataa kudondoka.

Wapishi wa kaimati, wale wa Pwani na hata wa Eastleigh na South C wakati wa Ramadhani, wanaijua tabia hii ya shira kuliko mtu yeyote. Wakitaka kaimati zing'ae, huitia shira limau na kuiacha ibaki angavu. Wakipika visheti, huikoroga hadi igande na kuwa nyeupe. Asidi ya limau hugawa sehemu ya sukari ya kawaida kuwa glukosi na fruktosi, na sukari za aina tofauti zikichanganyika hazipangiki kwa urahisi kuwa chembe ngumu. Kwa karoti tunataka ile ya kaimati: tunatikisa sufuria badala ya kukoroga sana, na tunakamulia limau. Asali nayo tayari ina glukosi na fruktosi kwa wingi, kwa hiyo haigandi upesi. Angalia moto tu, kwa sababu fruktosi huanza kubadilika rangi kwenye joto la chini kuliko sukari ya kawaida.

Siagi ina kazi mbili. Ya kwanza ni ladha na rangi: beta-karotini, ile rangi ya machungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka katika mafuta wala si katika maji, na mwili huipata vizuri zaidi karoti ikiwa imepikwa na kuliwa pamoja na mafuta. Ya pili ni kuipa shira unene. Siagi ni mafuta kwa karibu asilimia 80. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji, pamoja na protini kidogo za maziwa. Maji yanapochemka kwa nguvu, mafuta hayo huvunjika kuwa matone madogo mno, na shira nzito huyazuia yasikutane tena. Ukiacha maji yaishe kabisa, matone hukutana, na shira hukatika kama tui linavyokatika. Utaona mafuta ya manjano yakijitenga, na karoti zitakuwa na ulaini wa mafuta bila mng'ao. Usizitupe. Tia kijiko kimoja au viwili vya maji, tikisa sufuria juu ya moto, na mafuta na shira vitashikana upya mbele ya macho yako. Samli haifai hapa ijapokuwa harufu yake ni nzuri, maana haina maji wala zile protini.

Kuna jambo la Nairobi ambalo vitabu vingi vya mapishi havilitaji. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi, wakati Mombasa huchemka kwenye 100. Kinachoishikilia karoti iwe ngumu ni pektini, gundi iliyo kati ya seli, na pektini hulainika polepole zaidi joto likipungua. Maelekezo yaliyoandikiwa miji ya pwani yakisema dakika kumi, hapa huenda ukahitaji dakika tatu au nne zaidi. Basi usipike kwa saa, pika kwa ncha ya kisu.

Chukua nusu kilo ya karoti, uzikate mshazari kwa unene wa sentimita moja, zote sawa, la sivyo nyembamba zitavurugika kabla nene hazijaiva. Tumia sufuria pana au kikaango chenye kina ili zilale safu moja. Uso mpana ndio unaoruhusu mvuke utoke haraka baadaye. Tia maji kikombe kimoja, siagi vijiko viwili vikubwa, sukari kijiko kimoja kikubwa na chumvi kidogo. Funika ukiacha upenyo, moto wa wastani. Kisu kikianza kuingia bila kulazimishwa, ondoa mfuniko na uongeze moto.

Kuanzia hapo usiondoke jikoni. Mwanzoni mapovu ni madogo, mepesi na ya haraka. Maji yakipungua, mapovu yanakuwa makubwa, mazito na ya kivivu, na sauti inageuka kutoka kuchemka hadi kuchachatika. Hapo tikisa sufuria karoti zijigeuze, kamulia limau, zima moto. Kama karoti zimeiva na maji bado ni mengi, ziopoe kwanza, punguza maji peke yake, kisha uzirudishe. Kama maji yameisha na karoti ni ngumu, ongeza maji ya moto. Tangawizi iliyokunwa au iliki kidogo hupendeza sana. Mimi huona iliki inaipa karoti heshima inayostahili.

Limau liwe la mwisho kwa sababu asidi huifanya pektini ikatae kulainika. Magadi hufanya kinyume: ile chembe inayolainisha mahindi na maharagwe ya githeri huivunja pektini upesi, na ikizidi karoti hugeuka ujiuji. Wafaransa wana pishi lao la karoti linaloitwa kwa jina la mji wa Vichy, ambalo kwa asili hupikwa na maji ya chemchemi za huko, yenye baikaboneti ya sodiamu kwa wingi. Maji hayo huilainisha karoti kwa njia hiyo hiyo, ila kwa upole. Mwenye sufuria Nairobi hahitaji magadi wala maji ya Vichy. Dakika chache za ziada zinatosha.

Karoti yenyewe ina mengi ya kusema pia. Zinazolimwa kwenye baridi, kama za Kinangop, huwa tamu, kwani baridi huifanya karoti ihifadhi sukari zaidi, na joto kali huzidisha terpeni. Ukifika nazo nyumbani usiziweke kapu moja na ndizi mbivu, maembe au matufaha. Matunda hayo hutoa gesi ya ethilini, na karoti ikiivuta hutengeneza uchungu ambao hakuna sukari itakayouficha.

Njia hii hufaa pia kwa bitiruti na boga. Kwa viazi vitamu badilisha mwanzo: anza na maji baridi na moto mdogo. Kiazi kitamu kina kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari ya moltosi, na hufanya kazi hiyo kwa bidii kati ya nyuzi 60 na 75 hivi, kisha joto kubwa hukiua. Kadiri kiazi kinavyokawia katika joto hilo, ndivyo kinavyozidi utamu. Anayepika viazi vitamu vya nazi kwa moto wa makaa uliofifia hupata utamu huo bila kuongeza sukari nyingi.

Karoti zikibaki hadi kesho, siagi huganda na mng'ao hufifia. Zipashe moto kwenye kikaango na vijiko viwili vya maji, ukitikisa, na shira itarudi.