Majani Magumu ya Chai na Taarifa Zinazochelewa

Kiwanda cha chai Rungwe au Mufindi kikianza kupokea majani magumu, yaani yaliyokomaa kupita kiasi, anayelaumiwa kwanza ni mchumaji. Wanaofuata nadharia ya mifumo, inayotazama jinsi sehemu za kazi zinavyoathiriana, huanza kwingine: kwenye makabidhiano kati ya shamba, mizani, lori na kiwanda.

Watafiti Eric Trist na Ken Bamforth waliliona hilo mwaka 1951 kwenye migodi ya makaa ya mawe Uingereza. Mitambo mipya ilikuja na zamu tatu, kila zamu na kipande chake cha kazi. Vikundi vidogo vilivyozoea kufanya kazi nzima vikavunjika, utoro ukazidi, zamu zikawa zinatupiana lawama. Mwaka 1966 wanasaikolojia Daniel Katz na Robert Kahn wakaieleza asasi kama mfumo wazi, unaoishi kwa kupokea, kugeuza na kutoa, wazo lililotokana na biolojia ya Ludwig von Bertalanffy.

Lakini kwa anayesimamia chai, naona Jay Forrester, mhandisi wa Marekani, ndiye mwenye msaada zaidi. Mwaka 1961 alionyesha kuwa taarifa zikichelewa, kampuni inaweza kuyumba hata kama kila mtu ametimiza wajibu wake.

Chukua mkulima anayechuma kila baada ya siku 7 hadi 14. Akilijua daraja la ubora wa majani yake siku ya malipo, mwisho wa mwezi, amekwisha kurudia kosa lilelile mara mbili au tatu. Bei ikishushwa kumwadhibu, anaelekeza nguvu kwenye viazi, anachelewa kuchuma, na majani yanazidi kukomaa. Adhabu imezaa kilekile ilichotaka kukizuia! Lori nalo likichelewa, majani yaliyoshindiliwa kwenye magunia yanapata joto na kuharibika, ingawa yalichumwa vizuri.

Kwa mizunguko miwili ya uchumaji, andika saa ya kuchuma, kupima, kupakia na kushusha, kisha siku mkulima alipopewa daraja lake. Usitumie wastani peke yake, maana unaficha lori la mwisho la jioni, na mara nyingi hasara imelala humo. Halafu sogeza upimaji wa ubora hadi kwenye mizani: changanya majani ya gunia, chota gramu 100 mbele ya mkulima, tenga laini na magumu, pima yaliyo laini. Gramu zake ndizo asilimia. Karani aziandike kwenye risiti palepale, kabla gunia halijapanda lori.