Mtoto wa Agosti si mzito wa akili

Ipo dhana kwamba mwanafunzi wa England aliyezaliwa Agosti akipata alama za chini hana uwezo, ilhali mwaka wa shule huko huanza tarehe 1 Septemba, hivyo huenda akakaa darasa moja na mwenzake aliyemtangulia kuzaliwa kwa karibu miezi 12. Kwa mtoto wa miaka 5, hiyo ni takriban moja ya tano ya umri wake wote. Wakipimwa wakiwa na umri sawa, badala ya siku moja, sehemu kubwa ya pengo hutoweka. Pengo hilo hupungua kadiri wanavyokua, ingawa bado huonekana wakiwa na miaka 16. Dawa yake, naona, ni kurekebisha alama kulingana na umri, si kumkaririsha mtoto darasa.